Sahani ya Peke Yake

Wanaonifahamu pale hosteli wanajua kwamba mimi ndiye mtu wa kuulizwa mambo ya chakula. Mtu akisumbuliwa na tumbo anakuja kuniuliza ale nini. Mtu akitaka kupungua kabla ya mahafali, anakuja. Nasoma Sayansi ya Lishe, mwaka wa tatu, na ukisoma kozi kama hii wenzako wanakupa udaktari kabla hata hujafanya mtihani wa kwanza. Siku hizi mtu akiniuliza, mimi huanza kwa kumuuliza, "Umepimwa? Wamekuambia ni ugonjwa gani?" Wengine wanaona kama nawakwepa. Naomba niwaeleze tabia hii nimeitoa wapi. Ni habari ya mdogo wangu, na sijawahi kuisimulia yote.

Mdogo wangu ni mtoto wa mwisho nyumbani kwetu, Tanga. Alipewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo wote tunamwita Babu, hata walimu wake. Nilipokuwa mwaka wa kwanza yeye alikuwa na miaka tisa. Muhula wa pili ulipoanza, mama akanipigia simu kwamba Babu ameanza tena kukojoa kitandani. Tukacheka. Wiki iliyofuata akasema mtoto anakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima, usiku anaamka kuifuata ndoo. Akakonda mpaka kaptula ya shule ikawa inafungwa kwa kamba. Zahanati moja walimpa dawa ya malaria, kisha dawa ya mkojo mchafu. Siku alipoanza kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia, ilhali amelala kitandani, baba alimpakia kwenye bodaboda wakaenda hospitali. Huko nesi alimtoboa kidole, akapima sukari, akaita daktari kwa sauti. Babu alikuwa na kisukari, aina ya kwanza.

Nyumbani hakuna aliyeelewa. Kisukari kwetu ni ugonjwa wa shangazi aliyenenepa na mzee mwenye kidonda mguuni. Bibi akamlaumu mama: "Mmemlisha masukari huyu mtoto." Mama akaibeba lawama hiyo kimya kimya. Akaanza kuhesabu chai zote na maandazi yote aliyowahi kumpa.

Ukweli ni kwamba mama hakuwa na kosa. Kinga ya mwili kazi yake ni kupambana na vijidudu kutoka nje. Kuna watu ambao kinga yao huukosea mwili wenyewe, ikaona sehemu fulani kama adui. Ikishambulia viungo vya mifupa, ni aina ya baridi yabisi inayowapata hata watoto. Katika lupasi inaweza kushambulia ngozi, figo na viungo vingine. Kwa Babu ilishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayowezesha sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye seli. Pasipo insulini unaweza kula sahani nzima ya wali na mwili ukabaki na njaa, kwa sababu chakula kimeishia kwenye damu na hakifiki kinakotakiwa. Ndiyo maana mtoto anakonda huku anakula. Kula sukari nyingi sicho kinachoanzisha ugonjwa huu.

Haya yote nayajua leo. Wakati ule nilijua nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Babu alirudi nyumbani na chupa mbili za insulini, mashine ya kupimia sukari na maelekezo ya sindano mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mama alinunua daftari la shule, akalipiga mistari kwa rula, akaanza kuandika kila kipimo: tarehe, saa, namba, uniti alizochoma. Hatukuwa na jokofu. Nesi alimfundisha kuweka chupa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya chungu kidogo, chungu hicho kikae ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, chini ya dirisha ambako jua halifiki. Mpaka leo kile chungu kipo, na hakuna anayeruhusiwa kukisogeza.

Baada ya wiki kadhaa mambo yakawa mazuri ajabu. Babu akarudisha mwili. Sukari ikawa inasoma 5, 6, mara chache 8. Kliniki wakampunguzia dozi, kisha wakampunguzia tena. Wakati huohuo na mimi huku chuoni nilikuwa na moto wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimesoma utangulizi wa lishe, nimeangalia video nyingi za watu waliosema wametupa dawa za kisukari kwa kubadili mlo. Wengine walileta na vipimo kabisa, vya kabla na vya baada. Nikamwambia mama kwa simu: "Mama, chakula ndiyo dawa yenyewe. Nikija likizo utaona."

Nilipofika nikaanza kazi. Ugali nikaufuta, wali nikaufuta, viazi, ndizi, uji, vyote. Babu akawa anakula mayai, parachichi, mchicha, dagaa na karanga. Asubuhi kijiko cha unga wa mlonge kwenye maji. Nilimpikia mimi mwenyewe na kumpakulia kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu, kwa sababu kwetu tunakula kwenye sinia moja na sikutaka aguse ugali wa wenzake. Akawa anakaa pembeni ya mkeka na sahani yake. Siku ya kwanza alifurahia kuwa na sahani yake. Siku ya nne akaniuliza, "Kaka, hivi mimi naambukiza?" Nikamwambia hapana, ni dawa tu, vumilia.

Sukari ikashuka zaidi. Siku moja ilisoma 3.6, Babu akatetemeka na kutoka jasho, mama akampa maji yenye sukari. Mimi nikaona huo ndio ushahidi. Nikasema sindano imekuwa nyingi kuliko mahitaji, tumpumzishe ile ya jioni. Mama akasita. "Tusimuulize dokta kwanza?" Nikamjibu kwamba madaktari wamezoea kutibu kwa dawa tu, lishe hawaipi uzito. Naikumbuka sentensi ile neno kwa neno kwa sababu niliitoa kwenye video. Mama akaniangalia, akasema, "Haya baba. Wewe ndiye msomi wetu."

Tuliondoa ya jioni. Kwa wiki mbili namba hazikupanda sana, basi na ya asubuhi nikaifuta. Kisha Babu akapata mafua. Mafua ya kawaida, watoto wote wa mtaa walikuwa nayo. Jioni ya kwanza aliniambia anasikia kiu. Nikampa maji ya mlonge. Siku ya pili akatapika, na mdomo wake ukawa na harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilipomtoboa kidole, mashine haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko inavyoweza kupima.

Mwili uliokosa insulini huunguza mafuta ili upate nguvu, na mafuta yakiungua kwa wingi namna hiyo huacha tindikali za ketoni ndani ya damu. Mtoto hupumua kwa kasi kwa sababu mwili unajaribu kuitoa tindikali hiyo kwa pumzi. Maradhi kama mafua huongeza mahitaji ya insulini hata kama mtoto hali kitu. Parachichi wala mlonge haviwezi kuizuia hali hiyo. Ni insulini na dripu, na ukichelewa mtoto anakufa.

Alikaa wodini siku tano. Usiku wa kwanza hakunitambua. Daktari alipokuja na faili akauliza, "Sindano amechomwa lini mara ya mwisho?" Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda, nimeshika jagi la maji. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi. "Dokta, kosa ni langu. Nilikuwa nasahau." Daktari akamwangalia kwa muda, akaandika, akamwambia asirudie tena. Baba alikuwepo, akainamisha kichwa. Mimi sikusema kitu.

Babu alipopata nafuu, kitu cha kwanza alichoniambia kilikuwa hiki: "Kaka, mimi si nilikwambia nasikia kiu?"

Kliniki iliyofuata nilimpeleka mimi, na nikamwambia daktari ukweli. Nilitegemea anifukuze. Alisema, "Nilijua. Mama anayejaza daftari namna hii hasahau sindano." Kisha akachukua karatasi akanichorea. Mtoto anapoanza kuchomwa insulini, seli chache za kongosho zilizobaki hupumzika, zikapata nguvu ya kufanya kazi kwa muda. Mahitaji ya sindano hushuka, wakati mwingine sana. Hali hiyo inaweza kudumu wiki au miezi, kisha shambulio linaendelea na zile seli zinazidi kwisha. Madaktari hukiita kipindi cha fungate. "Wewe ulikuja nyumbani ukakuta fungate," aliniambia, "ukadhani ndoa yote itakuwa hivyo."

Nikamuuliza kuhusu wale watu wa kwenye video. Akasema baadhi yao wanaweza kuwa wa kweli kabisa, ila wana kisukari aina ya pili. Huko kongosho bado linatengeneza insulini, tatizo mwili hauitumii vizuri na kongosho linachoka. Mtu mwenye uzito mkubwa akiupunguza vya kutosha, sukari yake inaweza kurudi kuwa ya kawaida bila dawa. Ni magonjwa mawili yaliyopewa jina moja. Mimi nilichukua dawa ya ugonjwa mmoja nikamlisha mtoto mwenye ugonjwa mwingine.

Niliporudi chuoni nilitaka kuacha kozi. Badala yake nikaenda maktaba, nikaanza kusoma mambo ambayo hayakuwa kwenye mtihani. Habari mbili nilizozikuta huko zimenikaa mpaka leo.

Ya kwanza ni ya Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa wa seliaki, ambao huwa na matumbo yaliyovimba, wanaharisha na hawakui. Alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945 Uholanzi ikapata njaa kali, mkate ukaadimika. Watu walikufa kwa njaa, lakini wale watoto wake wakapata nafuu. Ngano iliporudi na ugonjwa wao ukarudi. Mwaka 1950 aliyaandika matokeo yake katika tasnifu ya udaktari. Leo tunajua kwamba seliaki nayo ni kinga ya mwili kujishambulia, na kinachoiamsha ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka za jamaa zake. Ukiiondoa kabisa, utumbo hupona. Mtoto wa seliaki anaweza kula ugali wa mahindi, wali, mtama na muhogo, ila si chapati wala maandazi, maisha yake yote. Hapo chakula ndiyo matibabu yenyewe. Hii ilinifariji, kwa sababu ilinionyesha kwamba sikuwa mwendawazimu kuamini nguvu ya mlo.

Ya pili ni ya Frederick Allen wa Marekani, kabla insulini haijapatikana. Yeye aliwatibu wagonjwa wa kisukari kwa mlo peke yake: aliwapunguzia chakula mpaka sukari ipotee kwenye mkojo, kisha akawaweka kwenye kipimo kidogo sana cha chakula. Hakuwa tapeli, na hapakuwa na njia nyingine. Baadhi ya watoto waliongezewa mwaka au miaka kadhaa, lakini waliishi na njaa, ngozi na mifupa. Mmoja wao alikuwa Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliyeugua mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Kufikia Agosti 1922 alikuwa na miaka karibu 15 na uzito wa takriban kilo 20. Mwezi huo akapelekwa Toronto, Kanada, kwa Frederick Banting, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wamefanikiwa kuipata insulini. Mtoto wa kwanza kuchomwa, Leonard Thompson, alichomwa hapohapo Toronto Januari ya mwaka huohuo. Elizabeth akaanza sindano, akala, akanenepa. Alifariki mwaka 1981.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Niliona kwamba ile sahani ya bati yenye ua jekundu ilikuwa mlo wa Allen. Miaka mia moja baada ya insulini kupatikana, ikiwa imo ndani ya chungu chini ya dirisha letu, mimi nilikuwa nimemrudisha mdogo wangu mwaka 1919.

Sasa msinielewe vibaya nikaonekana nasema chakula hakina maana. Kina maana kila siku ya maisha ya Babu. Sindano zake zimepangwa kwa chakula cha kiasi kilekile na saa zilezile. Gramu 100 za unga wa mahindi zina zaidi ya gramu 70 za wanga, kwa hiyo ugali wake una kipimo: mama ana bakuli dogo la plastiki, anaubinya humo, anaupindua kwenye sinia mbele ya Babu. Tumehama kutoka sembe kwenda dona, maharage na mboga yameongezeka, nyama ikipatikana haina ubaguzi. Anakula embe, ila moja, na baada ya mlo. Soda ni ya dharura tu, sukari ikishuka. Siku za mpira anapima kwanza, anakula kitu, anaweka glukosi mfukoni, kwa sababu misuli ikifanya kazi sukari hushuka, na inaweza kuendelea kushuka hata usiku akiwa amelala. Kocha wake anajua. Akiumwa, hata kama hawezi kula, insulini haikatizwi: tunapima mara nyingi na kumpigia simu daktari kuhusu dozi. Amepimwa na seliaki, kwa kuwa watoto wenye kisukari aina hii huipata zaidi kuliko wengine. Hana, basi chapati ya sikukuu anakula kama sote, imo kwenye hesabu.

Na hii haihusu kisukari peke yake. Mtoto wa lupasi anahitaji kujikinga na jua kali, maana jua linaweza kuamsha ugonjwa. Mtoto wa baridi yabisi anahitaji kuchezesha viungo vyake, asilazwe kitandani kutwa kwa huruma. Wote wawili wanahitaji mlo kamili na usingizi, na wote wanahitaji dawa walizoandikiwa. Kinga kujishambulia ni jina la familia ya magonjwa, na kila mmoja kwenye familia hiyo ana mambo yake. Ndiyo sababu ya lile swali langu. Ukija kuniambia "mtoto wa dada ana tatizo la kinga, ale nini?" bila jina la ugonjwa, sina jibu, na anayekupa jibu hapohapo kwenye kundi la WhatsApp nakuomba umwogope.

Nyumbani tulirudi kwenye sinia moja. Safari hii hakuna mlo wa Babu na mlo wa wengine: chakula anachoruhusiwa yeye ndicho tunachokula sote. Baba ambaye alikuwa anaweka vijiko vitano vya sukari kwenye chai yuko kwenye kimoja, analalamika lakini anakunywa. Sahani ya bati Babu anawekea kuku wake pumba.

Ana miaka kumi na moja sasa, anajichoma mwenyewe. Likizo iliyopita nilikuwa napakua, nikakadiria ugali wake kwa macho, si unajua tena, mtaalamu. Akanizuia mkono. "Kaka, bakuli." Nikalifuata bakuli jikoni. Kweli nilikuwa nimezidisha.

Limebaki jambo moja. Baba mpaka leo anaamini kwamba mama alisahau sindano. Hajawahi kumgombeza, ila kila jioni, saa kumi na mbili na nusu ikifika, humuuliza, "Mama Babu, umekumbuka?" Miaka miwili anamuuliza, na mama anamjibu, "Nimekumbuka." Kila nikiwa nyumbani nalisikia swali hilo na nakaa kimya kama nilivyokaa wodini.

Jarida hili likitoka nitachukua nakala mbili. Moja ni yangu. Nyingine nitampelekea baba mwenyewe, mkononi, likizo hii, nimsomee nikiwa nimekaa mbele yake, kabla ya saa kumi na mbili na nusu.